Chumba Kimoja, Magurudumu Mawili

3 Machi 1957, Jumapili

Mwalimu Naftaly ametugawia madaftari. Amesema kila mtu aandike mambo yake, kwa lugha anayoiogopa kidogo kuliko nyingine. Shuleni asubuhi tunasomeshwa kwa Kiswahili, baada ya uji tunasomeshwa kwa Kiingereza. Mimi naogopa zote mbili nikizisema, lakini nikiandika Kiswahili hakinitishi sana. Karatasi hainiangalii.

Jina langu Chepkemei. Nina miaka kumi na mitano. Tunakaa kwenye shamba la ngano kati ya Njoro na Molo. Baba yangu, Micah, ni dereva wa trekta. Mama ana mimba, atajifungua mwezi wa tano. Ndugu yangu Kipketer ana miaka mitano na kazi yake ni kuuliza maswali.

Bwana wa zamani ameuza shamba, anakwenda zake kusini. Bwana mpya hataki vibanda vya wafanyakazi. Anataka ngano ifike mpaka kwenye mto. Vyetu viwili, cha Baba na Mama na kile changu cha kulala, vitabomolewa Ijumaa. Baba amebakizwa kazini mpaka mwisho wa mwezi wa saba, lakini pa kukaa ajitafutie.

Miaka mitatu iliyopita tulihamishwa hivihivi kutoka Molo, juu ya lori wazi, mvua ikinyesha, na Mama alikuwa na mtoto wa wiki mbili mgongoni. Mtoto hakufika wiki ya tatu. Baba tangu siku hiyo hapendi kusikia lori.

6 Machi, Jumatano

Leo Baba amenunua nyumba. Naandika tena kwa sababu hata mimi siamini. Baba amenunua nyumba.

Bwana wa zamani ana karavani mbili nyuma ya ghala. Karavani ni nyumba ya bati na mbao yenye magurudumu, Wazungu huifunga nyuma ya gari wakienda kuvua samaki. Hawezi kuzibeba kwenye meli. Baba alimwambia atampa mitamba miwili ya kuuza kwa karavani moja, ila Baba achague mwenyewe ipi. Bwana alikubali. Nilipelekwa niwe mkalimani, lakini Bwana alikuwa anaongea Kiswahili chake cha shamba na Baba akamwelewa, nami nikasimama tu nikivuta kidole.

Baba alichagua kama mtu anayechagua ng'ombe wa maziwa. Kubwa ilikuwa ndefu, ina vyumba viwili na mlango katikati. Alipandisha ndoo juu ya paa lake akamwaga maji, kisha akaingia ndani akalala chali sakafuni, akingoja. Maji yakamdondokea kwenye paji la uso. Akatoka. Ndogo ilikuwa na chumba kimoja, umbo la yai. Akamwaga ndoo tatu. Akalala chini tena. Hakuna tone. Akapiga magurudumu kwa ngumi, akachungulia chini kwenye vyuma, akafungua dirisha na kulifunga mara nyingi, akanusa mbao kama zimeoza.

"Hii," akasema. "Hii mvua haitaingia."

Bwana mpya alipoambiwa alicheka sana. Alisema yeye alikataza vibanda, hakukataza gari, kwa hiyo tuiegeshe pale kwenye mikaratusi. Baba aliivuta kwa trekta saa kumi jioni, polepole, amekaa wima kama anabeba kanisa. Watu wote wa shamba walitoka kutazama. Nyongesa, nyapara, alivua kofia yake, akainama kama anayemwona Gavana akipita, watu wakacheka. Baba naye akacheka. Sijamwona hivyo miaka mitatu.

8 Machi, Ijumaa

Vibanda vimebomolewa asubuhi. Kuta zilianguka haraka kuliko nilivyofikiri.

Jioni tuliingiza vitu kwenye karavani. Kuna meza inayokunjwa, kabati la vyombo, kitanda kipana upande mmoja na kitanda chembamba chini ya dirisha. Kitanda chembamba kina springi. Nilikaa juu yake, kikanirusha kidogo, Kipketer akataka naye arushwe. Mama alikuwa anatandaza blanketi kwenye kile kipana, na mimi natandaza langu kwenye chembamba, na Baba amesimama mlangoni ameshika taa. Ndipo Mama akaacha kutandaza.

Wote tuliona kwa wakati mmoja, isipokuwa Kipketer.

Kwetu baba halali chumba kimoja na binti aliyekua. Si jambo la kujadiliwa. Ndiyo maana hapa nilikuwa na kibanda changu. Baba alikagua paa, vyuma na madirisha. Hakuna aliyekumbuka kuhesabu kuta.

Mama alisema kwa sauti ndogo kwamba ile nyingine ilikuwa na mlango katikati. Baba akajibu kwamba ile nyingine ilikuwa inavuja. Kisha akasema anakwenda kuangalia magurudumu kama yamekaa sawa. Hakurudi ndani. Alitandika magunia chini ya karavani akalala huko.

9 Machi

Mama alitundika blanketi katikati liwe kama ukuta. Baba alilitazama akamwambia alitoe, watoto watasikia baridi. Blanketi si ukuta. Hata mimi najua.

12 Machi

Kitanda cha dirishani ni kizuri. Naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Asubuhi mwanga unaingia kwenye kioo na kunigusa uso. Sijawahi kulala juu ya kitu kisicho ardhi au ngozi.

17 Machi, Jumapili

Baba alijenga kijumba cha magunia na fito ubavuni mwa karavani. Kilikuwa kizuri, kina mlango. Kilikaa siku moja. Nyongesa alikuja akiwa na vijana wawili akakivunja, akasema Bwana ametamka hakuna kibanda, na kama ataanza kuruhusu cha Micah, kesho kutakuwa na kumi. Baba hakugombana. Alikusanya magunia yake akayarudisha chini ya karavani.

Nyongesa nimemchukia. Ana meno ya dhahabu mawili na leo nilitamani yang'oke.

19 Machi

Watu wameanza kumtania Baba. Asubuhi akitoka chini, akijikung'uta vumbi, Naliaka akipita na mikebe ya maziwa anasema, "Micah, hilo gari lako haliponi? Kila siku uko chini tu. Makanika gani huyu?" Na Baba anamjibu kwamba spea haijafika kutoka Nairobi. Wanacheka. Wanafikiri analala huko kulinda magurudumu yasiibwe. Baba amewaacha wafikiri hivyo. Alijivuna mno siku ile ya kuivuta, sasa atasemaje kwamba nyumba yake haina nafasi yake?

Naliaka huyu ni mjane wa Kibukusu, anakamua ng'ombe wa Bwana. Bwana alimwachia chumba cha mawe nyuma ya nyumba ya maziwa, kwa sababu ng'ombe hukamuliwa saa tisa alfajiri na lazima awe karibu. Anaishi peke yake. Kutoka kwenye karavani mpaka mlangoni kwake ni hatua mia mbili na kumi. Nimezihesabu leo.

20 Machi

Sitaki kueleza kwa nini nilizihesabu. Sawa, nitaeleza. Msichana anaweza kulala kwa mwanamke kama Naliaka. Ni kawaida, nilipokuwa mdogo nililala kwa nyanya. Lakini kwetu msichana huomba mwenyewe. Akiombewa na mama yake, watu husema nyumbani kuna jambo baya. Kwa hiyo ni mimi tu wa kusema. Maneno ni machache: naomba kulala kwako. Nimeyafanyia mazoezi kwa lugha zote ninazojua.

Kesho.

21 Machi

Sikusema.

25 Machi

Mawingu yamesimama juu ya vilima vya Mau tangu asubuhi. Baba analima mpaka giza, wanataka mbegu iingie kabla ya mvua. Sikusema.

31 Machi, Jumapili

Mvua imeanza. Ilianza wakati wa ibada, sauti juu ya bati la kanisa ikawa kubwa mpaka mhubiri akaacha, tukaimba tu.

Tulirudi mbio. Ndani ya karavani hapakuingia hata tone. Mama alikaa kitandani ametazama juu kwenye paa, mkono juu ya tumbo, na nikaona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo. Baba alikuwa amesimama nje dirishani, maji yanamtiririka kofiani, anamtazama Mama anavyotazama paa. Alikuwa anatabasamu.

Kisha akainama akaingia chini.

4 Aprili

Baba amechimba mfereji kuzunguka karavani maji yapite. Maji hayajui kama kuna mfereji.

7 Aprili

Mama amesema nisirudi shule mpaka ajifungue. Miguu yake imevimba.

10 Aprili, Jumatano

Leo Mama alinipa nafasi na mimi nikaitupa.

Tulikuwa tunachambua maharagwe mezani. Bila kuniangalia alisema, "Chepkemei, hivi wewe huwezi kulala kwa Naliaka?"

Hakuamuru. Aliuliza. Ningesema naweza, yangeisha. Lakini nilifikiria kusimama kwenye mlango ule, na Naliaka na sauti yake, vile anavyofanya kila jambo kuwa kichekesho, na kesho yake shamba zima likijua kwamba Micah alifukuzwa kwenye nyumba yake na binti yake. Nikanyamaza. Nikaendelea kuchambua maharagwe. Mama aliona kunyamaza kwangu kuwa ni kukataa. Hakurudia.

Na kuna lingine, niandike lote. Nilifikiria pia kitanda.

13 Aprili

Mvua. Sikusema.

14 Aprili

Mvua. Sikusema.

21 Aprili, Pasaka

Baba alichinja jogoo. Tulikula ndani wote, mchana Baba anaweza kukaa ndani, hilo halina shida. Alikaa kwenye kitanda changu kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na meza. Alikibonyeza kwa kiganja akasema, "Kumbe kina springi." Hakuwa anajua. Amekinunua yeye mwenyewe na hakuwahi kukikalia.

Kipketer aliuliza kwa nini Baba halali kwenye nyumba. Mama akampa paja la kuku.

29 Aprili

Baba anakohoa.

2 Mei

Anakohoa asubuhi zaidi. Anasema ni vumbi la mbolea. Hakuna vumbi mahali popote, dunia nzima ni matope.

5 Mei, Jumapili

Leo nilitazama chini pale mahali pake alipokuwa amekwenda kuchota maji. Kati ya ardhi na vyuma hapatoshi mtu kugeuka ubavu. Ameweka makreti ya mbao ili asiguse maji, kwa hiyo nafasi imepungua zaidi. Kwenye chuma, mahali uso wake unapofika, kuna kutu iliyosuguliwa ikang'aa, nadhani ni pumzi yake au paji la uso akiinuka. Kuna picha moja ameibandika kwenye ubao, imetoka kwenye kalenda. Ni nyumba ya mawe yenye bomba la moshi.

Nilitoka nikaenda nyuma ya mikaratusi nikalia. Kisha nikarudi kuosha vyombo.

Yeye na mimi tuko sawa. Anaweza kuomba walau kona ya ghala, lakini ataombaje wakati kila mtu alimwona akivuta nyumba yake siku ile? Yeye ni kiburi, mimi ni haya, lakini nafikiri ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili.

14 Mei, Jumanne

Nilikwenda. Hatua mia mbili na kumi. Mlango ulikuwa wazi, Naliaka alikuwa anasugua mikebe kwa mchanga na kuimba kwa pua. Aliniona, akasema, "Karibu, wewe msichana wa karavani. Unataka nini?"

Nikasema maziwa.

Akanijazia chupa. Nilirudi na maziwa wakati tuna ng'ombe wetu mmoja na maziwa yake tele. Mama aliitazama chupa, akanitazama mimi. Nikaiweka kabatini.

16 Mei

Jana niliamka kabla ya jua nikamsikia chini yangu. Si kukohoa tu, ni kama mtu anavuta gogo kwenye changarawe. Ubao mmoja tu kati yetu. Nililala nimekaza mwili nisigeuke, springi zisilie, asisikie kwamba mimi nimelala pakavu.

20 Mei, Jumatatu

Mtoto amezaliwa. Ni msichana, yuko hai, Mama yuko hai. Nianze na hayo kwa sababu mengine sijui nitayaandikaje.

Asubuhi Mama alishika ukingo wa meza akaniambia nikamwite Naliaka, maana Naliaka ndiye anayezalisha wanawake wa hapa. Nilikimbia. Nilimkuta amemaliza kukamua. Nilisema yote bila kusita, Mama ameanza, njoo, chukua wembe. Sikujua nina sauti kubwa namna hiyo.

Tulirudi mbio kwenye mvua, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba kikapu chake. Na hapo njiani, sijui kwa nini hapo, labda kwa sababu alikuwa amenipa mgongo, nikasema.

"Mama, naomba kulala kwako. Baba analala nje kwa sababu yangu."

Akasimama. Akageuka. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye kope zake.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

"Halafu mimi namwita makanika," akasema. Hakuwa anacheka. "Mtoto wewe. Kitanda changu kinalala watu watatu. Mimi nakoroma tu, hiyo ndiyo shida yote ungeipata. Ungesema siku ya kwanza."

Halafu akaendelea kukimbia, na mimi nikaendelea.

Mtoto alizaliwa kabla ya saa saba. Wakati wote Baba alikuwa kwenye mikaratusi, ameegemea mti, hakukubali kujikinga. Kiliposikika kilio cha mtoto alikaa chini palepale kwenye maji.

Naliaka alitoka akinawa mikono akamwambia mambo yote sasa ni sawa. Binti yako mkubwa ni mgeni wangu kuanzia leo, ingia nyumbani kwako, Micah, ukalale kama mtu. Alifurahi kusema hivyo, alikuwa anaona amemletea zawadi.

Baba alimshukuru. Kisha akasema hawezi.

Ndipo nikakumbuka. Kwetu mwanamume haingii katika nyumba yenye mwanamke aliyejifungua, wala mwanamke huyo hatoki, mpaka aoshwe mikono na wanawake wakubwa, na hiyo ni miezi mitatu, wakati mwingine zaidi. Nilijua hilo tangu nikiwa mdogo. Nilikaa na maneno yangu wiki kumi, na siku niliyoyatoa, mlango ukafungwa kwa upande mwingine.

Naliaka alimgombeza. Alisema maji hayana kabila, Mungu hatamhesabia. Baba alikuwa anatetemeka lakini alizungumza kwa upole. Alisema mtoto mmoja ameshamzika kwa sababu alikubali kumpandisha lori kwa haraka, hatavuka jambo lolote na huyu, hata dogo.

Ndani wanawake wawili wa shamba waliokuja kumwona Mama walikuwa wanabishana jina. Mmoja alisema mtoto aliyezaliwa ndani ya gari ni wa safarini, aitwe Cheruto, kama ilivyo desturi. Baba alisikia kutoka nje. Alipiga bati kwa kiganja.

"Msimwite wa safarini," akasema. "Huyo amezaliwa nyumbani kwao."

Wakamwita Cherop, wa mvua.

22 Mei

Nalala kwa Naliaka. Kweli anakoroma. Baba yuko palepale, hataki kulala mbali na mtoto.

26 Mei, Jumapili

Jambo la ajabu. Nyongesa alikuja na turubai kubwa ya kufunika ngano. Aliifunga kuzunguka karavani yote, kutoka ubavuni mpaka chini, akaipigilia vigingi, upepo usipite. Naliaka alikuwa amemweleza. Alifanya kazi hiyo saa nzima bila kumtazama Baba usoni. Akiondoka alisema, "Mzee Micah, mimi sikujua. Nilifikiri unataka kujenga stoo." Baba akamwambia haina neno, kazi ni kazi.

Bwana akiiona turubai, Nyongesa ndiye atakayefukuzwa. Meno yake ya dhahabu yakae tu.

1 Juni

Cherop ananenepa. Mama humleta dirishani, Baba anasimama nje, wanaonyeshana kupitia kioo. Baba amekonda.

5 Juni

Homa.

9 Juni, Jumapili

Asubuhi hakutoka. Nilipiga bati, nikaita. Nilitambaa chini ya turubai, nikamkuta macho yako wazi na midomo imekauka, anaongea na mtu wa Molo ambaye hayupo. Nikamvuta mabega. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Nyongesa alileta lori la maziwa bila kumwuliza mtu, tukamlaza juu ya magunia, nikapanda naye, turubai ileile juu yetu. Mama alisimama mlangoni na mtoto, hakuweza kutoka. Nilimwona mpaka kona.

Njia yote ya kushuka mpaka Nakuru mvua haikuacha. Hospitalini mtu wa kuandika aliniuliza kwa Kiingereza jina, kabila, anapoishi. Nilijibu yote. Kwenye anapoishi nilisema, kwenye karavani yake. Akanitazama. Nikarudia kwa Kiswahili, kwa sauti. Akaandika jina la shamba.

12 Juni, Jumatano

Nalala kwa shemeji yake Naliaka, mtaa wa reli, nakwenda wodini kila siku saa za kutazama wagonjwa. Nesi anasema mapafu yote mawili. Wanampa sindano. Wanafanya wanavyoweza, naona.

Leo alikuwa na akili yake. Kuna vitanda vingi, lakini cha jirani kilikuwa kitupu, nikakaa ukingoni. Nilimwambia. Nilimwambia nilijua tangu siku ya kwanza dawa yake ni nini, na Mama aliniuliza nikanyamaza, na nilikwenda mpaka mlangoni nikaomba maziwa. Nilimwambia hata habari ya kitanda.

Alifumba macho. Nilifikiri amelala.

"Niliangalia magurudumu," akasema. "Niliangalia paa. Kichwani mwangu wewe ulikuwa bado mdogo kama Kipketer, mnalala miguuni mwetu. Nilipokuona unatandaza blanketi lako, ndipo nikaona nina binti mkubwa." Akapumua. "Sikujua umekua lini. Hilo ndilo kosa, na si lako."

Nikamwambia apumzike asiongee.

"Mtoto amelowa?" akauliza.

"Hajalowa, Baba."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

18 Juni, Jumanne

Baba amefariki leo alfajiri. Nilifika saa za kutazama wagonjwa, kitanda kilikuwa kimetandikwa.

21 Juni

Amezikwa hapa Nakuru, makaburi ya mji, kwa sababu hatuna ardhi mahali pengine pa kumpeleka. Nyongesa, Naliaka, Mwalimu Naftaly, madereva wanne. Mama hakuweza kuja. Nyongesa alishika koleo akafukia yeye karibu yote, hakumpa mtu mwingine nafasi, na alipomaliza alikuwa hawezi kusimama sawa. Mvua ilikuwa imeacha. Ilikuwa siku ya kwanza ya jua baada ya wiki nyingi, na udongo ulikuwa mwepesi kuchimbika.

30 Juni

Bwana ametuma neno kwamba tunaweza kukaa mpaka mwisho wa mwezi wa saba kama ilivyopangwa. Ngano imeota. Ni Baba aliyeipanda, kutoka kwenye karavani unaona mistari yake imenyooka mpaka mtoni.

6 Julai

Baridi. Sikuandika kwa sababu hakuna la kuandika.

10 Julai

Kipketer ameuliza kama Baba sasa ana chumba chake. Nilimwambia anacho.

14 Julai, Jumapili

Baada ya ibada Mama aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kitanda kipana, Cherop ananyonya. Alisema usiku anaamka mara nyingi, mkono wake mmoja hautoshi, Kipketer naye analia akiota. Alisema nirudi kulala nyumbani.

Nilisimama. Nadhani alijua ninachofikiria, kwa sababu aligeuza uso akaangalia ukuta wa bati.

"Sasa hakuna ubaya," akasema.

Nilikwenda kwa Naliaka kuchukua blanketi langu. Alikuwa amelikunja, ameliweka juu ya kiti, nadhani Mama alimwambia kabla yangu. Hakutania. Alinipa mkebe wa maziwa nikawape nyumbani, akasema mlango wake haufungwi kwa ufunguo.

Nimetandaza blanketi kwenye kitanda cha dirishani. Mama amezima taa ya kwake, ameniachia hii niandike. Tuko wanne, ndani ya chumba kimoja, tumeenea wote.